Alilitaka Joho la Umeya Tanga, Akaishia Kupigania Vyoo vya Shule

Jina lake liache lipumzike. Tanga imeitwa jiji tangu 2005, na sensa ya 2022 imehesabu watu karibu laki nne, lakini kwa habari za watu bado ni mtaa mmoja mrefu. Ukitaja jina la mtu asubuhi Chumbageni, ikifika adhuhuri limeshafika Pongwe, tena limeongezewa chumvi. Basi mwite Diwani, kama wanavyomwita mpaka leo pale Ngamiani, ingawa udiwani wenyewe ulishamtoka zamani.

Kazi yake ni fundi baiskeli. Anayeijua Tanga haulizi kwa nini. Mji umekaa tambarare, na baiskeli haijawahi kuwa aibu: mwalimu anapanda, muuza samaki anapanda, mzee wa kanzu anapanda na kofia haimtoki. Kijiwe chake kiko kwenye moja ya zile barabara za namba za Ngamiani, chini ya mwarobaini, na benchi moja refu la wateja. Anaziba pancha, anakaza spoku, ananyoosha rimu zilizopinda.

Sasa kijiwe cha fundi baiskeli ni kama bunge bwana. Mtu akisubiri pancha yake hana pa kwenda, anakaa, anaanza kusema. Mmoja mtoto kafukuzwa shule, mwingine maji hayatoki siku ya tatu, mwingine kashikiwa mzigo na mgambo. Fundi yeye mikono iko kwenye tyubu, masikio yako kwenye benchi. Miaka ikaenda hivyo, hadi siku moja wakamwambia, "Mgosi, haya yote unayoyasikia, si ukayaseme kule yanakosikilizwa?"

Kumbe ndani mwake ilikuwepo ndoto kubwa kuliko udiwani. Baba yake alikuwa kuli bandarini, mtu wa mashairi, na kila Ijumaa baada ya swala alikuwa na hadithi moja asiyoichoka: habari za Sheikh Kaluta Amri Abedi, mtoto wa Ujiji, mshairi, aliyekuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, tena kabla hata ya Uhuru wa 1961. "Mtunga mashairi kavaa joho la Mzungu!" mzee alikuwa akisema, na macho yanamng'aa. Mtoto akakua na picha hiyo kichwani: joho, mkufu shingoni, watu wanasimama. Mstahiki Meya.

Mwaka 2010 akajaribu udiwani, akapigwa chini. Hakununa, akarudi kwenye pancha. Mwaka 2015 akajaribu tena kwa tiketi ya CUF, na safari hii upepo ulikuwa wao. Vijana wa Tanga waliokuwepo wanakumbuka ule mwaka: bendera kila kona, ubunge wa Tanga Mjini ukaenda kwa Mussa Mbarouk wa CUF, na kwenye kata CUF wakatoka na madiwani wengi kuliko CCM, kwa tofauti ndogo. Fundi baiskeli akawa Mheshimiwa.

Hapa kuna jambo ambalo vijana wengi wa mjini hawalijui, hivyo lisikilize vizuri. Meya wa Tanzania humchagui wewe. Wewe unamchagua diwani wa kata yako, basi. Madiwani wakishaapa, wanaingia ukumbini pamoja na wa viti maalumu na mbunge, wanamchagua mmoja wao. Ndiyo maana baada ya uchaguzi mkuu, mji mzima huwa unapiga hesabu kama wahasibu. Wangapi wetu, wangapi wao, nani mgonjwa, nani kasafiri, nani simu yake haipatikani tangu jana.

Kijiweni hesabu ile ilipigwa kwa kahawa na kashata mpaka usiku. Yeye mwenyewe alikuwa na hesabu yake ya pembeni ambayo hakumwambia mtu isipokuwa mkewe: mwaka huu apige kura, 2020 apigiwe yeye. Miaka mitano ya kujifunza, kisha joho.

Basi, ile siku ikafika, na yaliyotokea Tanga yaliandikwa na magazeti yote. Mgombea wa CCM akatangazwa kuwa Meya. CUF wakayakataa matokeo, wakasema wao ndio wengi, hesabu hiyo imetoka wapi. Ukumbi ukachafuka. Madiwani wa CUF wakasema hawamtambui Meya yule na vikao vyake hawakanyagi.

Usiku ule Diwani alirudi nyumbani na sauti imekauka. Mkewe akampa chai, hakuinywa. Akasema neno moja, akalirudia kesho yake kijiweni mbele ya watu wote: "Mtu huyo sitamwita Mstahiki. Mdomo huu hautamwita." Benchi zima likapiga makofi. Alikuwa shujaa, na ushujaa ule ulikuwa mtamu kweli.

Ila kata haijengwi kwa makofi.

Januari 2016 elimu bila malipo ikaanza nchi nzima. Ada na michango ikaondolewa, na wazazi waliokuwa wanaficha watoto nyumbani wakawatoa. Kwenye shule ya msingi ya kata yake, darasa la kwanza lilifurika mpaka watoto wakakaa chini. Madawati yakasemwa sana mwaka ule, kila kiongozi akapiga picha na dawati. Kuhusu choo hakuna aliyesema, kwa sababu nani anataka kupiga picha na choo?

Kiwango cha serikali kinasema tundu moja la choo kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Mwalimu mkuu alikuja kijiweni na daftari lake, akakaa kwenye benchi kama mteja mwingine, akamwonyesha. Hesabu haikuwa inafanana na kiwango hata kwa mbali. Wakati wa mapumziko foleni ya wasichana ilikuwa ndefu kuliko mapumziko yenyewe. Wengine walikuwa wanakimbia nyumbani kujisaidia na kurudi.

"Mheshimiwa," mwalimu akasema, "bajeti inapitishwa karibuni. Tuingizie matundu hata manane."

Diwani akaangalia chini. Bajeti inapitishwa kwenye Baraza la Madiwani. Barazani anakaa Meya. Na yeye kaapa.

Akamjibu mwalimu yale ambayo mwanasiasa yeyote angejibu: suala ni la kimsingi, haki ya wananchi imeporwa, wakati utafika. Mwalimu akafunga daftari. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri baiskeli yake, mvuvi mstaafu, mtu wa maneno machache, akasema bila kumwangalia: "Mgosi, sisi hatukukutuma joho. Tulikutuma ukaseme."

Bajeti ikapita. Matundu hayakuwemo.

Ni rahisi kumlaumu, lakini jiulize diwani ana nini hasa mkononi. Watu wanadhani ni bosi. Maji yakikatika wanampigia yeye, wakati maji ni ya Tanga UWASA. Umeme ni TANESCO. Barabara za mitaa, tangu 2017, ziko TARURA. Kodi ya majengo, iliyokuwa tegemeo la halmashauri, mwaka 2016 ilihamishiwa TRA. Fedha zinasainiwa na mkurugenzi, na mkurugenzi wa jiji anateuliwa na Rais, si madiwani. Hata Meya mwenye joho lake hana hundi. Alichonacho diwani ni kiti kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo yeye ndiye mwenyekiti wake, na mdomo kwenye Baraza. Akisusa Baraza, kabakiwa na nini? Posho ya mwezi ya madiwani iliyokuwa inazungumzwa miaka ile ilikuwa kama shilingi 350,000, na mwenye kujua misiba ya Ngamiani anajua hela hiyo inaisha tarehe ngapi. Sanda, chai ya hitma, nauli ya mgonjwa, mchango wa harusi ya mtu ambaye hata humjui ila kakutaja "Mheshimiwa wetu" kwenye kipaza sauti.

Kisha ikatokea siku ambayo Diwani haisemi mpaka leo akiulizwa na wageni. Ni watu wa mtaa wanaoisema.

Mtoto wa darasa la kwanza, binti wa jirani yake nyumba ya tatu, alitoka shule wakati wa mapumziko akikimbilia nyumbani chooni. Barabarani akagongwa na bodaboda. Mguu ukavunjika. Diwani ndiye aliyekuwa karibu, akaacha baiskeli ya mteja imepinduliwa magurudumu juu, akambeba mtoto mikononi mpaka kwenye bajaji, wakaenda Bombo. Njiani mtoto hakulia kwa mguu. Alikuwa analia kwa sababu alikuwa amejikojolea na sare imeloa, na anaogopa mwalimu atamchapa.

Mama wa mtoto hakumlaumu mtu. Alimshukuru, akamwita kaka. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Usiku ule, kwa maelezo ya mkewe kwa shoga zake (na Tanga siri ya shoga ni ya mtaa), mume alikaa uani mpaka alfajiri. Mke akamuuliza, "Baba, unawaza nini?" Akasema, "Nawaza neno moja tu. Linanishinda kulitamka."

Kwenye Baraza la Madiwani huwezi kusimama ukaanza tu kuongea. Kuna itifaki. Unanyanyua mkono, unaitwa, unasimama, na neno la kwanza linalotoka mdomoni ni kumtaja mwenye kiti. Neno lenyewe ni lile alilokula kiapo nalo mbele ya benchi zima.

Mabaraza hukaa kila robo mwaka. Lililofuata, Diwani alivaa suti yake ya Idi, akapanda baiskeli yake mwenyewe, akaenda. Chama chake kilijua kabla hajafika, maana mtu kamuona kwenye kona kampigia mwenzake. Simu ikawa inaita mfukoni, hakuipokea. Akaingia, akakaa, akanyanyua mkono. Akasimama.

"Mstahiki Meya."

Waliokuwepo wanasema alinyamaza kidogo baada ya hapo, kama mtu aliyemeza mwiba anasubiri upite. Halafu akasema habari ya matundu ya vyoo. Hakuzungumzia uchaguzi wala haki iliyoporwa. Akataja idadi ya wasichana, idadi ya matundu, kiwango cha serikali, na barabara wanayovuka. Akakaa.

Jioni simu zilikuwa zimeshawaka. Kundi la WhatsApp la chama lilimkaanga. Msaliti. Kanunuliwa. Mmoja akaandika kiasi kabisa, milioni kadhaa, na akaapa kaona kwa macho. Picha yake ya kuingia ukumbini ikasambazwa na maneno chini yake. Kesho yake kwenye benchi walikaa watu wawili tu, wote wageni wa mtaa. Fundi mwingine barabara ya jirani akapata wateja ambao hakuwatarajia. Mtoto wake wa kiume, aliyekuwa kidato cha tatu, alirudi shule na shati limechanika, akasema kaanguka.

Mkewe peke yake ndiye aliyecheka. Akanyanyua uso kuangalia bati lililotoboka pale sebuleni, akasema, "Hao walionunua mume wangu wangeongeza hata bati moja."

Na CCM nao? Wakamfuata. Miaka ile, wanaokumbuka wanajua, ilikuwa miaka ya "kuunga mkono juhudi". Madiwani na wabunge wa upinzani walikuwa wanahama nchi nzima, kila wiki mtu anakabidhi kadi mbele ya kamera. Hata Arusha, Meya wa Chadema, Calist Lazaro, alihamia CCM mwaka 2019. Diwani aliambiwa njia iko wazi, na 2020 ukitaka joho, huku ndiko lilipo. Ndoto ya baba yake ikaletwa mezani kabisa, imekunjwa vizuri.

Akakataa. Upande mmoja wakasema ni msaliti, upande wa pili wakasema ni mkaidi. Yeye akaendelea kwenda vikaoni kwa baiskeli, kila kikao neno lile lile: Mstahiki Meya, matundu. Mpaka ikawa utani. Akinyanyua mkono tu, wenzake wa pande zote wanaguna.

Vyoo vilijengwa kwa mtindo unaojulikana. Wananchi wakachimba na kuinua boma, kwa mchanga wa kuchanga na mafundi wa kubembeleza, kisha halmashauri ikaingiza fedha za kumalizia. Mzee mvuvi alibeba matofali na mgongo wake ule. Mwalimu mkuu aliyeleta daftari alikuwa ameshahamishwa, hakuviona. Siku ya kufungua alikuja mkubwa, kibao kikafunuliwa, jina lililoandikwa si la Diwani. Alisimama nyuma, karibu na mama wa yule binti. Kwa itifaki, wala hakuitwa mbele.

Halafu ikaja 2020. CUF ilikuwa imeshapasuka, upande wa Profesa Lipumba na upande wa Maalim Seif, na Machi 2019 Maalim na watu wake wakahamia ACT-Wazalendo. Tanga ikagawanyika mpaka ndani ya nyumba. Diwani aligombea, wapinzani wa chama chake wakakumbusha usaliti, wapinzani wa chama kingine wakakumbusha ukaidi. CCM wakachukua karibu kila kitu nchini, ubunge wa Tanga Mjini ukaenda kwa Ummy Mwalimu, na upinzani ukalalamikia uchaguzi wote ule. Diwani hakulalamika hadharani. Alikwenda kurudisha makabrasha ya ofisi ya kata, akampa mrithi wake orodha ya vikundi vya akina mama vinavyosubiri mkopo wa asilimia kumi, akamwonyesha nani mkweli na nani atamsumbua, akapanda baiskeli akaondoka.

Joho? Siku moja mwaka 2021 redio ilikuwa inasema kijiweni. Dar es Salaam, Meya Isaya Mwita wa Chadema, aliyechaguliwa Machi 2016 baada ya uchaguzi kuahirishwa mara kadhaa, alikuwa ameshaondolewa kwa kura Januari 2020. Sasa Februari 2021 Rais Magufuli amelivunja Jiji lenyewe la Dar es Salaam, na Ilala ndiyo imepandishwa kuwa Jiji. Jamaa kwenye benchi akauliza, "Sasa lile joho la zamani wanalipeleka wapi?" Wote wakacheka. Fundi akasema, "Joho ni kama baiskeli ya kukodi. Unaizungusha, jioni mwenyewe anaitaka." Akarudi kwenye rimu yake.

Benchi limejaa tena siku hizi. Waliomwita msaliti wanakuja kuziba pancha na hakuna anayetaja lile kundi la WhatsApp. Wengine nao walishahama vyama mara mbili. Hakuna aliyewahi kumwomba msamaha, na yeye hakuwahi kudai.

Yule binti alipona mguu, ingawa ukimwangalia sana utaona anaukanyaga kwa uangalifu. Mwaka 2023 alianza kidato cha kwanza, akapata baiskeli ya mjomba wake. Akapata pancha wiki ya kwanza tu. Akaja kijiweni, akaegemeza baiskeli kwenye mwarobaini.

"Shikamoo babu Diwani."

"Marahaba mwanangu. Ya mbele au ya nyuma?"

"Ya nyuma."

Akaziba. Akajaza upepo, akaubonyeza kwa kidole gumba, akaridhika. Mtoto akatoa hela, akaipokea, maana kazi ni kazi. Binti akapanda akaenda zake shule, hakugeuka. Vyoo vile vya shule ya msingi alivitumia miaka yote mpaka darasa la saba, na kwake ni vyoo tu, kama vyoo vingine. Hajui kama kuna mtu alimeza neno kwa ajili yake.

Mzee mvuvi, ambaye siku hizi haoni vizuri, akauliza nani huyo aliyepita. Fundi akamwambia. Mzee akanyamaza, kisha akasema, "Basi ulisema."

Sasa wewe unayesoma hapa: diwani wa kata yako unamjua hata jina? Na kama ungekuwa wewe siku ile, mbele yako Meya usiyemtambua na nyuma yako foleni ya watoto, neno lile lingekutoka?